Kofia ya Jino: Uliza Kabla Hujalipa



Miezi michache iliyopita alikuja hospitalini kwetu katekista mmoja, baba wa watoto watano. Alifungua leso akatuonyesha vipande viwili vyeupe, vinavyong'aa kama kigae cha kikombe. Hiyo ilikuwa kofia ya gego lake la chini. Familia ilikuwa imechanga fedha kwa muda mrefu, naye akasafiri hadi mjini. Huko jino lake lilipigwa picha kwa kamera ndogo, na mashine ya kompyuta ikachonga kofia siku ileile. Alirudi nyumbani na furaha, lakini kofia haikumaliza mwaka. Asubuhi moja aliamka akaikuta imepasuka, na jino lililokuwa chini yake limepasuka nalo hadi kwenye mzizi. Daktari wa meno hakuwa na la kufanya ila kuling'oa.

Tulimwuliza, "Baba, kofia hii ilikuwa ya kitu gani?" Akajibu, "Sista, mimi niliambiwa ni ya kisasa tu." Mkewe akaongeza kwamba mumewe husaga meno usingizini karibu kila usiku. Kule mjini hakuna aliyemwuliza habari hiyo, wala yeye hakujua kwamba yafaa kuisema.

Ndiyo sababu mwezi huu tumeona tuzungumzie kofia za meno zinazochongwa kwa kompyuta, na hasa malighafi zake. Kliniki zenye mashine hizi zimeongezeka katika miji mikubwa, na familia nyingi za parokia zetu zinaanza kuzilipia. Hatuandiki ili kumtisha mtu. Tunaandika ili anayelipa ajue anachokilipia.

KOFIA YA JINO NI NINI?

Jino lililotoboka kidogo huzibwa, mambo yakaisha. Lakini jino likiwa limeliwa sana, au limevunjika upande mmoja, au limetibiwa mizizi, kuta zake zilizobaki huwa dhaifu. Kila unapotafuna, kuta hizo hupanuka kidogo, na siku moja hupasuka. Hapo daktari hulivika jino kofia, yaani gamba gumu lenye umbo la jino linalozishika kuta zote pamoja. Wengine huiita taji. Ipo pia kofia nusu, au kiraka, inayofunika tu sehemu iliyoharibika.

Ili kofia kamili ikae vizuri, jino sharti lipunguzwe pande zote. Mara nyingi huondolewa zaidi ya nusu ya ile sehemu ya jino iliyo juu ya fizi. Tafadhali tulikumbuke jambo hili. Nywele zikinyolewa huota tena, na kucha zikikatwa hukua. Jino likishachongwa halirudi.

MASHINE HUFANYA KAZI GANI?

Kwa njia ya zamani mgonjwa huuma bamba lenye uji mzito ambao huganda na kuacha chapa ya meno yake. Kisha fundi hutengeneza kofia kwa mkono kwa siku kadhaa. Njia hii ingali inatumika na ni njema.

Njia ya kompyuta si ya jana wala juzi. Mfaransa François Duret alianza kuishughulikia miaka ya 1970. Mwaka 1985, mjini Zürich nchini Uswisi, daktari wa meno Werner Mörmann, kwa mashine aliyoibuni pamoja na mhandisi Marco Brandestini, alimwekea mgonjwa wa kwanza kiraka cha kauri kilichochongwa na mashine wakati mgonjwa mwenyewe akingoja kitini.

Siku hizi kazi huenda hivi: kamera ndogo hupitishwa mdomoni, umbo la meno huonekana kwenye kioo cha kompyuta, daktari au fundi huchora kofia hapo, kisha tofali dogo la malighafi hufungwa ndani ya mashine. Visu vidogo vyenye chembe za almasi hulichonga mpaka kofia itokee. Mahali pengine kila kitu hufanyika katika kliniki moja. Kwingine picha hutumwa kwa intaneti kwenye maabara iliyo mbali, na kofia huletwa baada ya siku kadhaa.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo lenyewe. Mashine huchonga chochote inachopewa. Seremala mwenye randa nzuri aweza kuranda mninga, na kwa randa hiyohiyo aweza kuranda mbao laini ya msindano. Ukisema, "Meza yangu imerandwa kwa randa nzuri," hujasema bado ni ya mti gani. Vivyo hivyo, ukiambiwa kofia yako "imetengenezwa kwa kompyuta", umeambiwa jinsi ilivyochongwa, hujaambiwa imetoka katika kitu gani. Katekista wetu alijua habari za randa, hakujua habari za mti.

MALIGHAFI ZENYEWE

Nguvu ya malighafi za kofia hupimwa kwa kipimo kiitwacho megapaskali. Namba ikiwa kubwa, malighafi huhitaji nguvu nyingi zaidi ili ivunjike. Tutataja namba chache ili msomaji aweze kulinganisha.

1. Kauri ya feldspa. Hii ni jamaa ya kauri ya vikombe na sahani, nayo ndiyo iliyotumika mwaka ule wa 1985. Nguvu yake ni kama megapaskali 100 hadi 150. Hupitisha mwanga kama jino la asili, kwa hiyo hupendeza sana kwa meno ya mbele na kwa viraka vidogo. Huvunjika kama kioo. Ni lazima igandishwe vizuri kwa gundi maalumu ili jino lililo nyuma yake liibebe.

2. Disiliketi ya lithiamu. Hiki ni kioo kilichojaa fuwele ndogondogo zilizosukana kama nyuzi za mkeka. Aina inayojulikana sana huchongwa ikiwa na rangi ya bluu, kisha huingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi za Selsiasi kama 850. Ikitoka imekuwa ngumu na ina rangi ya jino. Nguvu yake ni kama megapaskali 350 hadi 500. Hufaa kwa meno ya mbele na kwa magego mengi, mradi ipate unene wa kutosha, aghalabu milimita 1 hadi 1.5. Ikifanywa nyembamba kupita kiasi, hupasuka.

3. Zirkonia. Hii ni kauri nyeupe itokanayo na metali iitwayo zirkoni. Hapa wale wenye wafinyanzi katika ukoo wao wataelewa upesi. Mfinyanzi hufinyanga chungu kikubwa kuliko anavyotaka, kwa sababu anajua kitasinyaa. Zirkonia nayo huchongwa ikiwa laini kama chaki, tena kubwa kuliko kofia inayotakiwa kwa kadiri ya sehemu moja ya tano au ya nne. Kisha huchomwa kwa saa kadhaa katika joto la nyuzi kama 1,500, ikasinyaa na kuwa ngumu sana. Aina yake ya kwanza hufikia megapaskali 1,000 na zaidi. Kwa kuwa ni imara, yaweza kufanywa nyembamba, na jino likachongwa kidogo zaidi.

Lakini sikilizeni vizuri: zirkonia si moja. Ile iliyo imara kabisa haipitishi mwanga sana, huonekana kama chokaa. Ili ipendeze, watengenezaji wametoa aina mpya zinazopitisha mwanga zaidi, na baadhi yake zina nguvu karibu nusu tu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo hata jibu la "ni zirkonia" halijamaliza swali.

4. Mchanganyiko wa resini na kauri. Huu hauna ugumu wa kauri tupu, nao hulegea kidogo unapotafuna. Uzuri wake ni kwamba ukimeguka huweza kutengenezwa mdomoni. Ubaya wake ni kwamba huchakaa na kupoteza mng'ao mapema zaidi. Hufaa zaidi kwa viraka kuliko kwa kofia kamili. Mwaka 2015 kampuni moja kubwa iliacha kuipendekeza malighafi yake ya aina hii kwa kofia kamili, kwa sababu kofia hizo zilikuwa zikibanduka kupita ilivyotarajiwa.

5. Metali. Kobalti-kromu na titani huchongwa kwa mashine hizihizi, na aloi za dhahabu zimetumika kwa meno tangu zamani. Metali haipasuki kama kioo, na jino halihitaji kuchongwa sana. Kasoro yake ni rangi tu. Kwa gego la mwisho ambalo hakuna anayeliona, kofia ya metali si aibu hata kidogo. Ila kama hereni za bei nafuu au kishikizo cha mkanda hukuwasha ngozi, mwambie daktari, kwani huenda mwili wako haupatani na nikeli, nayo imo katika baadhi ya aloi.

6. Plastiki ngumu, iitwayo PMMA. Hii ni kofia ya muda, ya majuma au miezi, huku matibabu yakiendelea. Ni msaada mzuri ikitolewa kwa jina lake. Ikiuzwa kama kofia ya kudumu, huo ni udanganyifu.

JE, TUCHUKUE ILIYO NGUMU KULIKO ZOTE?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kila mara. Jibu letu ni hili: la hasha, tuchukue inayolifaa jino lenyewe. Yako mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, jino liko wapi? Magego hubeba mzigo mkubwa wa kutafuna, meno ya mbele huonekana mtu akicheka. Kauri ya feldspa iliyo nzuri mbele yaweza kuwa hasara nyuma.

Pili, jino limebaki kiasi gani? Hapa zirkonia ina udhaifu wake. Kauri za kioo huandaliwa ndani kwa asidi maalumu, zikapata mikwaruzo midogo inayoshikwa na gundi. Asidi hiyo haifanyi hivyo kwa zirkonia, nayo huhitaji maandalizi ya namna nyingine. Kisiki cha jino kikiwa kifupi, kofia imara iliyogandishwa vibaya itatoka nzima nzima. Ugumu wake hautakuwa umekusaidia kitu.

Tatu, wewe unaumaje? Anayesaga meno usingizini, anayefungua soda kwa meno, anayetafuna mifupa na miwa kwa nguvu, aseme mapema. Kwa mtu kama katekista wetu, zirkonia ya aina imara au metali ingekuwa na nafasi nzuri zaidi, pamoja na kilinda meno cha kuvaa usiku. Ile kofia yake ilikuwa ya kioo chembamba.

Nne, jino la pili linasemaje? Kila jino lina mwenzake anayekutana naye. Watu husema zirkonia hula jino la mwenzake. Ukweli ni kwamba zirkonia iliyosuguliwa mpaka ikang'aa haiumizi sana jino lililo mbele yake. Lakini daktari akiipunguza kidogo ili meno yaumane vizuri, kisha akaiacha na mikwaruzo, huwa kama msasa. Kwa hiyo isikubaliwe kazi iliyoishia kwenye kupunguza bila kung'arisha.

PALE AMBAPO KOFIA HAITAKIWI

Wengi katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, na katika Bonde la Ufa nchini Kenya, wana meno ya kahawia. Si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Ni floraidi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni meno yalipokuwa yanaundwa, na mahali pengine magadi ya kupikia huongeza. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi katika maji isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Tumeshaona mabinti wakija kutafuta ushauri kabla ya arusi, wameambiwa wachonge meno sita au manane ya mbele, mazima kabisa, ili wavikwe kofia nyeupe. Binti wa miaka 22 akifanya hivyo, atabadilisha kofia hizo zaidi ya mara moja maishani mwake, na meno mengine yaweza kufa mshipa wa ndani kwa sababu ya kuchongwa. Kwa madoa mepesi na ya wastani zipo njia za kuanzia: kusugua tabaka la juu kwa dawa maalumu, kung'arisha kwa dawa chini ya uangalizi wa daktari, au kufunika doa kwa resini bila kuchonga sana. Kofia iwe ya mwisho. Usidhani ving'aavyo vyote ni dhahabu. Na yule anayebandika meno saluni, mwepukeni kabisa.

Hali kadhalika, kama fedha haitoshi, familia isiuze shamba. Jino lenye tundu la kawaida halihitaji kofia, linahitaji kuzibwa. Hata jino lililoharibika zaidi, mara nyingi daktari mwangalifu aweza kulijenga kwa kuziba vizuri likatumika kwa miaka. Kwa gego lililotibiwa mizizi kofia ni bora, lakini yaweza kuwa ya metali. Uliza bei za aina zote kabla hujakata shauri.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kateni sehemu hii mwende nayo kliniki:

1. Daktari, je, jino hili haliwezi kuzibwa au kuwekewa kofia nusu?
2. Kofia itatengenezwa kwa malighafi gani? Kama ni zirkonia, ni ile imara au ile inayopitisha mwanga?
3. Kwa nini hiyo inalifaa jino langu hili?
4. Jino langu litapunguzwa kiasi gani?
5. Mimi husaga meno (au sisagi). Je, hilo linabadili uchaguzi?
6. Baada ya kurekebisha kuumana, kofia itang'arishwa tena?
7. Ikivunjika au ikitoka, mtanisaidia kwa muda gani, na kwa gharama ya nani?

Omba pia uandikiwe jina la malighafi, na kama ipo, upewe lebo ya pakiti yake. Iweke pamoja na kadi yako ya hospitali. Siku kofia ikileta shida, daktari mwingine atajua anashughulika na nini. Daktari mwema hachukizwi na maswali haya. Kuuliza si ujinga.

KUITUNZA

Kofia yenyewe haiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza. Moja ya sababu kubwa za kofia kuharibika ni kuoza kwa jino pale ukingoni, kofia inapokutana na jino karibu na fizi. Basi, pigeni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, mkisafisha hasa ukingo huo, na mpitishe uzi wa meno katikati ya meno. Chagueni mawe katika mchele na maharage kwa makini, kwani jiwe dogo moja laweza kumegua kauri. Fizi ikitoka damu, au kofia ikicheza, au ukisikia harufu mbaya hapo, usingoje maumivu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

NENO LA MWISHO

Kanisa linamkumbuka tarehe 9 Februari Mtakatifu Apolonia, mwanamke wa Aleksandria katika Misri, Afrika yetu hii, aliyevunjwa meno na watesi wake mwaka 249 kwa sababu hakukubali kumkana Kristo. Tangu zamani wakristo wanaoumwa meno wameomba msaada wake. Tumwombe nasi, huku tukitumia akili tuliyopewa na Mungu.

Katekista wetu sasa hutafunia upande mmoja. Hakukasirika, na wala hatukutaka akasirike. Alituomba jambo moja tu: tuwaeleze wengine. Mwezi uliopita alimleta mkewe, ambaye gego lake lilikuwa limevunjika. Kabla hatujasema neno, mama yule alitoa karatasi mfukoni, iliyoandikwa kwa mwandiko wa mumewe, akaanza kusoma: "Daktari, je, jino hili haliwezi kuzibwa?"

Liliweza. Likazibwa siku hiyohiyo.